Nyati wa Maore na Kazi Yetu ya Kuchuna

Siku niliyoripoti kazini Same kama askari wa wanyama pori, nilidhani nitapewa bunduki. Nilipewa kisu, kipande cha sabuni ya mche na chupa ndogo ya spiriti. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vya Hitla vikiwa vimekwisha. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Nyama, ndivyo tulivyomwita mzungu aliyesimamia wanyama wa porini. Chini yake alikuwepo Sajini Eliamini, mtu wa Suji, mfupi na mpole, ila macho yake hayakukosa kitu. Mimi nilikuwa nimeshuka kutoka kwetu Vudee na kaptula mpya, nikiwa na hamu ya kupambana na simba.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Nyoosha mikono."

Aliigeuza polepole, akakuta mkwaruzo wa mwiba kwenye kidole.

"Leo huchuni. Utashika kamba tu."

"Sajini, hiki si kidonda."

"Kwako si kidonda. Ugonjwa unaona mlango."

Nilinuna siku nzima. Nilifikiri ananidharau kwa sababu ni mgeni.

Simba niliwaona mara chache. Kazi yetu hasa ilikuwa kuwaondoa nyati, tembo na nguruwe pori waliovamia mashamba ya tambarare. Mnyama akiuawa, nyama waligawiwa wanakijiji, na sisi ndio tuliochuna na kupasua. Hapo ndipo Sajini alipokuwa mwalimu. Alitufundisha kumtazama mnyama angali hai: anatembeaje, anakula, ametengana na wenzake? Akianguka, tulisubiri kidogo ili kupe wengi waanze kumtoka. Mikono ya shati tuliishusha na kuifunga vifundoni. Ngozi ya tumbo tuliipasua makali ya kisu yakitazama juu, ili tusitoboe utumbo na kumwaga uchafu kwenye nyama. Kisha tuliangalia ini, mapafu na bandama kabla mtu hajakata kipande. Ini lenye madoa au uvimbe lilifukiwa. Nguruwe pori alichemshwa mpaka nyama ikaachana na mfupa, kwa sababu ya minyoo inayojificha ndani ya nyama yake.

Wakati wa kuchuna hatukuvuta sigara, hatukula, hatukujikuna macho. Kulikuwa na askari waliopenda kula figo mbichi papo hapo, ikiwa bado ya moto. Sajini alimkuta mmoja akitafuna, akamtemesha mbele yetu sote, kisha akamwambia, "Mke wako ananijua kwa jina. Sitaki kwenda kwake kueleza jambo hili."

Mwaka wa tatu wa kazi yangu mvua zilikataa. Mahindi ya Maore yalikauka yakiwa hayajabeba. Mjomba wangu Yohana, kaka yake mama, alikuwa na shamba huko, karibu na mto. Asubuhi moja alikuta nyati dume amekufa pembeni mwa shamba lake, akamwita askari aliyekuwa karibu, mwenzangu Zefania. Mimi nilipata habari nikiwa Gonja, nikashuka kwa miguu. Sajini alikuwa likizo, hivyo mkubwa pale nilikuwa mimi.

Nilifika saa sita mchana. Watu walikuwa wamekusanyika na vikapu, wanacheka, kitu ambacho sikuwa nimekisikia Maore kwa miezi. Zefania alikuwa ameshachuna mguu mmoja wa mbele na kuukata. Kidole gumba chake kilikuwa kimefungwa kitambaa chenye damu.

"Nimejikata kidogo," alisema. "Nadhani alipigwa mshale na majangili."

"Mshale uko wapi?"

Nilimzunguka yule nyati bila kumgusa. Damu nyeusi ilimtoka puani na nyuma, na haikuwa imeganda. Tumbo lilikuwa limevimba sana, lakini miguu haikuwa imekakamaa kama ya mnyama aliyekufa tangu alfajiri. Sajini alikuwa ametueleza dalili hizo mara nyingi. Ni kimeta, ugonjwa unaoua mnyama ghafla, na mtu huupata kwa kugusa au kula mzoga.

"Zefania, weka kisu chini. Kaoshe mikono kwa sabuni, kisha uoshe tena. Na ule mguu uko wapi?"

"Nimempa mjomba wako. Si ndiye aliyetoa taarifa?"

Niliwaambia watu kwamba hakuna atakayekula nyama ile. Kicheko kilikatika. Mzee mmoja akauliza kama serikali imeanza kula nyati waliokufa wenyewe. Mama mmoja aliniambia tu, "Watoto wangu wamekula mizizi jana," akageuka. Hilo liliniumiza kuliko matusi. Jumbe wa kijiji, Mungu amrehemu, alisimama upande wangu. Aliweka wanaume wawili wamlinde yule nyati, na akatuma mtu wa baiskeli Same kwa Daktari wa Mifugo.

Nilikimbia kwa mjomba. Chungu kilikuwa jikoni, kimeanza kuchemka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umefika wakati mzuri. Keti."

"Mjomba, nyama hiyo ina kimeta. Imwage."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Nimekulea miaka miwili ulipokuwa shuleni. Leo umevaa kofia ya mzungu unakuja kumwaga chungu changu?"

Ningeweza kutumia amri, maana kofia nilikuwa nayo kweli. Niliivua, nikaketi kwenye kigoda karibu na moto.

"Sitamwaga mimi," nilisema. "Ila mkila, na mimi nitakula hapa hapa nanyi. Kisha mtu aende Vudee akamwambie mama kilichotupata."

Nilimaanisha. Mke wake, Mama Nakundwa, ndiye aliyeinuka. Alifunga vitambaa mikononi, akaipua chungu, akatoka nacho nje. Tulichimba shimo la kina, nikatupa humo chungu, nyama na vitambaa. Mama Nakundwa aliosha mikono kwa sabuni yangu mpaka ikabaki kipande kidogo kama ukucha. Mjomba hakutoka kuniaga.

Siku ya pili Daktari wa Mifugo alifika, akiwa amevaa glavu ndefu za mpira. Alichukua tone la damu sikioni mwa nyati, akalipaka kwenye kioo ili akaliangalie kwa hadubini. Hakusubiri majibu. Tulichimba shimo, tukajaza kuni, tukamchoma nyati pamoja na udongo uliolowa damu yake, tukafukia na kuweka miiba juu ili mbwa na fisi wasifukue.

"Nani aliamuru asipasuliwe?" aliuliza.

"Mimi, Bwana."

"Ukimpasua, ugonjwa unaingia ardhini na kukaa miaka mingi. Ng'ombe wa kijiji chote wangekufa. Umefanya vizuri."

Siku ya nne kidole cha Zefania kiliota kipele kilichowasha. Kikawa lengelenge, kisha kigaga cheusi kama mkaa, kisichouma hata kidogo. Mkono ukavimba hadi kwenye kiwiko. Tulimpeleka hospitali na lori la idara. Alidungwa sindano za penisilini, na Mama Nakundwa naye akadungwa kwa kuwa aliishika nyama. Mjomba alimsindikiza mkewe. Aliuona mkono wa Zefania, akautazama muda mrefu. Kisha akanifuata nje.

"Mpwa wangu," alisema, "kile chungu kingelisha watu tisa." Akanishika bega. Zefania alipona, ila lile kovu alibaki nalo.

Nilimweleza Bwana Nyama njaa niliyoikuta. Alikuwa mtu wa maneno machache. "Tafuta nyati mzima," alisema, "na uchune wewe." Wiki iliyofuata nilimpiga risasi dume aliyekuwa akilala shambani kwa watu, mnyama mwenye nguvu na manyoya yanayong'aa. Safari hii wanawake wa Maore walileta maji ya moto kabla wanaume hawajaleta visu. Yule mama wa mizizi aliondoka na mbavu nzima kichwani, akapita mbele yangu akasema, "Asante, mwanangu." Sijawahi kupewa nishani, na wala sikuitamani baada ya siku ile.

Baadaye nilihamishiwa Kisiwani, kisha nyika za Mkomazi, nikapandishwa hadi kuwa sajini mwenyewe. Niliajiri vijana, nikakagua mikono yao, wakaninunia kama nilivyomnunia Eliamini. Niliacha kazi muda mfupi kabla ya Mwingereza kuondoka.

Sasa nalima kahawa kidogo na ndizi Vudee. Wajukuu wanapenda kuuliza niliua simba wangapi. Wawili, na mmoja alikuwa mzee asiye na meno. Wanasikitika kidogo. Mimi sisikitiki. Nyama niliyogawa ililiwa na mamia ya watu kuanzia Same hadi Gonja, nao walirudi kesho yake mashambani kwao wakiwa wazima.