Glenys na Kura ya Kondoo Waliolowa

Asubuhi ile Glenys aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimsikia akikohoa, akijaza birika, akifungua kompyuta yake. Karavani letu, nyumba ya kukokotwa na gari, ni dogo. Mtu akijikuna huku, wa kule anasikia.

"Mzee, chai yako inapoa."

"Iache ipoe. Mimi si kompyuta, siwaki kwa kubonyezwa."

"Afadhali kompyuta. Haikoromi."

Nikakaa mezani. Akanisukumia mkate wa kuchoma uliopakwa Vegemite, ile chachu nyeusi ya chumvi, akanisomea alichoandika. Mwanamke mmoja wa Broken Hill alikuwa amemwuliza kama ni kweli mtu anaweza kulipwa kwa kujibu maswali ya makampuni kwenye simu. Glenys alimjibu kwamba ni kweli, ameshajaribu mwenyewe, ila hela yake ni ya kununua mayai, si ya kununua kuku.

"Umeelewa?" akaniuliza.

"Nimeelewa."

"Basi inatosha." Akaituma.

Nikaenda dukani kununua mtungi wa gesi. Niliporudi alikuwa sakafuni. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, na kwamba hakuteseka. Sina la zaidi juu ya hilo.

Tangu tumzike, barua zinaingia kwenye blogu yake. Watu wanajua mawazo yake kuhusu simu na kompyuta na jinsi ya kupata hela mtandaoni, lakini wanauliza alikuwa mtu wa namna gani. Mimi ndiye ninayejua. Shule niliiacha mapema nikafuata kondoo, kwa hiyo nasema tu, na Robyn, binti yetu, anaandika.

Glenys alikuwa mpishi wa wanyoa kondoo. Siku ya kwanza nilipomwona nilinung'unika kwamba ni nyama ya kondoo tena. Akaniambia mbele ya wanaume wote, "Unanyoa kondoo, utakula kondoo. Ukitaka samaki, nenda kamnyoe samaki." Mwaka uliofuata nikamwoa.

Tulizunguka na kundi la wanyoaji, banda hadi banda, mpaka mgongo wangu ukakataa. Ndipo tukapanga nyumba ya mzee Kleinig hapa Yarrakine. Nyumba ya mawe, bati juu, tenki la mvua ubavuni. Robyn alikulia humo.

Blogu ilianza benki ya mji ilipofungwa. Tuliambiwa kila kitu sasa ni kwa simu. Wazee walikuwa wanakuja kusimama mbele ya mlango uliofungwa, wanausoma ule ubao, wanarudi nyumbani. Glenys akaomba kompyuta kuukuu ya Robyn, akajifunza. Alipokwama alitukana, kisha akaendelea.

Mabandani kulikuwa na vibati vya zamani vilivyokatwa herufi, vya kupigia chapa marobota ya sufu. Wenyewe walikuwa wanavitupa. Glenys akaviokota, akavisugua, akavipiga picha, akaviuza mtandaoni kwa watu wa miji mikubwa wanaopenda kuvitundika ukutani. Nikamwambia amerukwa na akili. Hela ikaingia, nikanyamaza.

Wanawake wa mji wakaanza kumwuliza amefanyaje. Akachoka kurudia, akaandika mara moja, akaweka pale ambapo kila mtu angesoma. Akaiita Chai ya Saa Nne, kwa sababu bandani hiyo ndiyo saa ambayo hata mnyoaji mbishi anakaa chini na kusikiliza. Alianza na wasomaji wa Yarrakine. Baadaye wakawa wa Queensland, wa Tasmania, wa mahali ambapo sijawahi kufika.

Hela aliipata kidogo kidogo. Kulikuwa na matangazo ya pembeni, na kulikuwa na kamisheni mtu akinunua kitu alichokisifia. Lakini hakusifia kitu ambacho hakukinunua yeye mwenyewe na kukitumia. Na kila alichoandika alinisomea mimi kwanza. "Ukielewa wewe," alisema, "Australia nzima itaelewa."

Mawazo yake juu ya kazi za mtandaoni yalitoka bandani. Mnyoaji analipwa kwa kichwa, hajanyoa, halipwi. Aliwaandikia wasomaji wake kwamba mtandao nao uko hivyo hivyo, na mtu anayekuahidi kwamba utaingiza hela ukiwa umelala, huyo ameshika mashine ya kunyolea, na kondoo ni wewe.

Mzee Kleinig akafa. Mwanawe, Ian, akaja akasimama getini, hataki kuingia.

"Glenys. Nev. Niseme tu. Nauza nyumba."

"Chai unakunywa?" Glenys akamwuliza.

"Hapana, asante. Nyie nawapa nafasi ya kwanza. Nitangoja hadi mavuno yaishe."

Akataja bei. Hakuwa ametuonea. Tulikuwa na nusu yake na kidogo juu, na benki haikopeshi watu wa umri wetu.

Wakati huo huo akatokea Brayden. Kijana wa Sydney, kampuni yake inauza kozi ya mtandaoni ya kumfundisha mtu kujipatia kipato akiwa nyumbani. Alipiga simu kwanza, kisha akaja mwenyewe, na viatu vyeupe. Kwenye vumbi letu.

"Glenys, watu wanakuamini," alisema. "Hicho kitu hakinunuliki kwa hela."

"Sasa wewe umekuja kufanya nini?"

Akacheka. Alikuwa kijana mwenye adabu, siwezi kumsema vibaya. Akaeleza: Glenys aisifie kozi, na kila msomaji atakayejiunga kupitia kwake, sehemu nzuri ya ada inakuwa ya Glenys. Nikapiga hesabu kwa vidole chini ya meza. Wakijiunga hata wachache kati ya wale wanaomsoma, nyumba ni yetu kabla ya mavuno kwisha.

"Nitainunua kwanza," akasema Glenys.

"Nitakupa bure."

"Cha bure sikijui ladha yake."

Akalipa, akasoma kozi nzima. Alipomaliza alikaa akiwa amekunja mikono.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Nusu ya kwanza nzuri. Anafundisha kupiga picha ya bidhaa, kupanga bei, kufunga mzigo usivunjike. Nusu ya pili anafundisha namna ya kuwauzia wenzako kozi hii."

"Kwa hiyo mbaya."

"Ingekuwa mbaya yote ningelala usingizi. Hii mgongoni kavu, tumboni imelowa."

Hapo ndipo lilipomjia wazo la kura. Kondoo akinyeshewa, mnyoaji hatakiwi kumnyoa. Sufu iliyolowa inampa mnyoaji majipu na maumivu ya viungo, na yenyewe inaoza ndani ya robota. Lakini si kila mara inajulikana kama amelowa au amekauka, na mwenye kondoo atasema amekauka siku zote. Kwa hiyo wanyoaji wanapiga kura ya siri. Kila mmoja ananyoa kondoo wawili, kisha anaandika kwenye kikaratasi, amelowa au mkavu, anakitia kwenye kofia. Mimi niliyeshindwa kuandika nilichora tone. Wengi wakishinda, wote wanafuata, na hakuna kununa. Mwenye kondoo hapigi kura. Mpishi naye hapigi.

Glenys akaweka yote kwenye blogu. Kozi ilivyo, nusu zote mbili. Hela atakayopata. Nyumba, na Ian, na mavuno. Akawaeleza desturi ya bandani, akawaambia: pigeni kura kama kozi hii imelowa au ni kavu, nisiisifie au niisifie, nami nitafuata.

"Ya nyumba umeyatajia nini?" nikamwuliza alipokuwa akinisomea.

"Wanyoaji wanajua mwenye kondoo anapata nini. Na hawa wajue."

Majibu yakaanza kuingia siku ile ile. Mkavu. Mkavu. Mkavu, Glenys, usiwe na wasiwasi. Wachache sana waliandika amelowa. Nikatoa bia kwenye friji, nikamletea na yeye, ingawa hakuwa mnywaji.

"Nyumba yetu hiyo," nikasema.

"Kaa kwanza," akasema. Alikuwa bado anasoma.

Akanisomea ya Val. Val ni mjane wa Loxton, alikuwa akimwandikia Glenys tangu mwanzo. Aliandika hivi: "Kozi yenyewe sijaiangalia, mpenzi, na hata sina mpango. Nimepiga mkavu ili ubaki kwenye nyumba yako. Mwezi ujao nikipokea pensheni najiunga."

Akaisoma tena, polepole.

"Umeelewa?"

"Nimeelewa. Mama mwenye moyo mzuri."

"Hajamgusa kondoo, Nev."

Akafungua nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa za aina hiyo. Mmoja angejiunga na dada yake. Mwingine angemwandikisha mumewe bila kumwambia.

"Kura ni kura," nikasema. "Bandani ukishindwa unafunga mdomo, unafanya kazi. Wewe mwenyewe umesema utafuata."

"Bandani kuna mtu aliwahi kumpigia kura mpishi?"

"Hakuna."

"Hawa wamempigia mpishi."

"Tunapoteza nyumba, Glenys."

"Najua tunachopoteza. Nimekipiga deki mimi miaka yote hiyo, si wewe."

Nikanywa bia zote mbili. Nilikuwa na hasira, na nilikaa nayo siku kadhaa. Alinipikia kama kawaida na hakuniomba niiache.

Siku ya pili tu baada ya kura aliandika tena. Robyn ameitafuta, ni fupi. Alisema kura imevunjika na aliyeivunja ni yeye. Kuwatajia nyumba ilikuwa kosa, kwa sababu walimtazama yeye wakaacha kumtazama kondoo. Alisema kwa upande wake kozi imelowa, na mtu asijiunge kwa ajili yake. Ile nusu nzuri angewaandikia yeye hapo hapo kwenye blogu, kwa maneno yake, bila malipo. Na akaiandika, majira yote ya baridi, kipande kwa kipande. Vipande vyote alinisomea. Leo naweza kukufungia chupa ya kioo ikafika Darwin salama.

Brayden alipiga simu. Nikaipokea mimi.

"Naomba kuongea na Glenys."

"Yuko bafuni," nikasema. Glenys alikuwa mbele yangu anamenya viazi.

"Mwambie, Nev, amefanya kosa kubwa sana. Kubwa."

"Nitamwambia."

Nikamwambia. Akasema nimpe kile kitunguu.

Wasomaji wengine walitaka kumtumia hela moja kwa moja. Alikataa, akawaandikia kwamba yeye si kanisa. Val akatuma jamu ya aprikoti, yale matunda madogo ya manjano ya kwao Loxton. Hiyo tuliila.

Mavuno yakaisha. Ian akapata wanunuzi, mume na mke kutoka Melbourne, watu wazuri. Hela yetu ya nusu nyumba ikanunua karavani na nafasi ya kuliweka, nyuma ya uwanja wa kriketi, na ikabaki ya kutosha kutufikisha mbele kidogo. Robyn alikuja kutusaidia kuhamisha. Alilia yeye, sisi tulikuwa tunabeba vitu.

Siku ya mwisho Glenys alifagia vyumba vyote. Nikamwambia wenyewe watafagia. Akafagia. Ian alikuja kuchukua funguo, akazitazama mkononi mwake badala ya kututazama sisi.

"Glenys, sijisikii vizuri na jambo hili."

"Usijali, Ian. Tenki linavuja upande wa kusini, waambie wanunuzi. Na mlango wa nyuma wausukume kwa bega."

Tukaingia kwenye gari. Nikatia ufunguo, lakini sikuuzungusha. Nilikuwa natazama ile nyumba. Nilikuwa nimeshajiona nikifia humo, kwenye chumba cha mbele, dirisha wazi.

Nikamwuliza, na sijawahi kumwuliza tena baada ya hapo, kama moyo wake haumsuti hata kidogo kwa kuwakatalia watu waliotaka wenyewe kumsaidia. Alifunga mkanda wake. Akaupachika mkoba miguuni. Kisha akasema, na haya ni maneno yake yenyewe:

"Nyumba ile ina panya tangu siku tuliyoingia, Nev. Washa gari."