Hujaji wa Kukodiwa

Hamo Thurkell aliishi kwa kuhiji. Si kwa dhambi zake, ambazo hakuwa na haraka nazo, bali kwa niaba ya wengine: wagonjwa, wavivu, na marehemu walioacha wosia. Ukimlipa, ataondoka Southwark, kando ya London, kwa miguu, akakuombee kwenye kaburi la mtakatifu kule Canterbury, kisha arudi na beji ya madini ya risasi kofiani kama ushahidi.

Ila hakuwahi kuvuka Rochester, mji ulio katikati ya njia. Karibu na daraja la pale palikuwa na nyumba ya wageni yenye pombe nzuri ya shayiri, na mahujaji waliokuwa wakirudi hawakuhitaji kubembelezwa ili wasimulie. Hamo alisikiliza, akanunua beji kwa aliyebeba mbili, akarudi kuwaeleza wateja wake habari za Canterbury kwa ufasaha ambao aliyefika hana.

Mambo yaliharibika pale Bibi Avice, mjane wa mtengeneza mishumaa, aliyemlipa miaka minne mfululizo amwombee mumewe, aliposema, "Safari hii tunakwenda wote. Wewe utanionyesha njia."

Wakafuatana na kundi la mahujaji. Alikuwemo Osbert, karani wa mahakama na mtunzi wa mashairi, aliyekuwa akikusanya hadithi za wasafiri kama mwingine aokotavyo kuni.

Hadi Rochester, Hamo alikuwa mfalme wa njia. Wakavuka daraja.

"Mbele huko," akasema, "hospitali ya mahujaji iko kushoto."

Ikawa kulia.

"Wameihamisha?" Bibi Avice akauliza.

"Mambo ya kanisa hayo, bibi. Huwezi kuyajua."

Kisima kilichopaswa kuwa kulia nacho kikawa kushoto. Msitu uliopaswa kutangulia kilima ukaja nyuma yake. Osbert akacheka chinichini juu ya farasi wake.

"Kaka Hamo, njia hii unaijua barabara. Ila unaijua kwa kurudi."

Hamo akaona ugali wake, kama si mkate, ukimponyoka. Bibi Avice akatangulia mbele hadi walipofika kanisani Canterbury, kwenye ngazi ambazo mahujaji huzipanda kwa magoti kuelekea kaburini.

"Panda," akamwambia. "Mume wangu amekaa toharani, kwenye moto wa kutakasa roho, miaka minne akingoja dua zako. Utapanda mara nne za madeni, na moja ya mwaka huu."

"Na magoti yangu, bibi?"

"Hayajatumika. Mapya kabisa."

Akapanda. Akashuka, akapanda tena, huku mahujaji wengine wakimpisha kwa heshima, wakidhani ana dhambi kubwa. Mara ya tatu, Osbert akamwinamia.

"Nitakutia kwenye kitabu changu."

"Sawa," Hamo akahema. "Lakini humo unifikishe Canterbury."

"Hilo siahidi. Nina mahujaji wengi, na kila mmoja anaongea; huenda kitabu kikaisha tukiwa bado njiani."

"Bwana Osbert," Bibi Avice akasema kutoka chini ya ngazi, "usimcheleweshe. Marehemu bado yuko motoni."