Jiko Lisilo na Mlango wa Uani

Siku ninayoikumbuka kuliko sikukuu zote nilizowahi kula pilau ni ile niliyomwambia fundi azibe mlango wa jiko la mama yangu, naye akauziba. Nakiri mapema, mwanangu, usije ukaambiwa na watu wengine. Mama hakuwepo. Alikuwa amenikabidhi nyumba, funguo na daftari, na mimi nikavitumia vyote vitatu kufanya nilichotaka.

Najua unacheka kuitwa mwanangu na mtu wa kidato cha tano ambaye ndevu zake ukizihesabu hufiki kumi. Cheka tu. Kuna watu wanaozeeka kwa miaka, na kuna sisi tunaozeeka kwa makosa. Kwa habari ya majiko, mimi ni babu kabisa. Kaa hapo unisikilize, na hiyo simu ilaze kifudifudi, maana ndiyo iliyoniponza.

Tunakaa Kibaha, kwenye nyumba ambayo mama ameijenga kidogo kidogo tangu nikiwa darasa la tatu. Chumba kikiisha tunahamia, kingine kinaendelea. Jiko lilibaki mwisho kabisa. Tulikuwa tunapikia koridoni, mpaka mapazia ya sebuleni yakawa yananukia dagaa. Mwaka huu ikawa lazima liishe, kwa ajili ya Bibi, mama yake mama, aliyekuwa akikaa peke yake Kurui, kule Kisarawe. Magoti yake yamechoka. Kisima kimekuwa mbali, ingawa hakijahama. Mama alimbembeleza muda mrefu aje kwetu, na Bibi alikuwa na jibu moja tu: "Nitakuja, lakini sikai nyumba ninayokula kama mgeni. Nikiletewa chakula kila siku bila kushika mwiko, nitarudi kwangu, hata kwa kutambaa."

Kwa hiyo jiko hilo ndilo lililokuwa na neno la mwisho. Likimfaa, Bibi atakaa nasi, atatunzwa. Lisipomfaa, atarudi kuzeekea peke yake na magoti yake. Mama alilijua hilo. Mimi pia niliambiwa, ila niliambiwa nikiwa naangalia simu.

Mama akachukua likizo, akaenda Kurui kumsaidia Bibi kufunga mizigo na kuaga, maana mzee wa kule haondoki kimyakimya, anaaga nyumba kwa nyumba. Akaniachia daftari lenye mchoro wake wa kalamu ya risasi. Mlango wa uani upande wa kushoto. Sinki chini ya dirisha. Makabati yote ya chini. Na pembeni ya mlango, kitu alichokiandika "kibaraza", yaani kijukwaa cha saruji cha kukalia, kimo cha kigoda. Mlango na kibaraza fundi alikuwa ameshaviweka. Kilichobaki kilikuwa kumalizia tu. "Akikuuliza lolote," mama alisema, "mfungulie daftari."

Nikalifungua mwenyewe kwanza, nikacheka. Kibaraza ndani ya jiko? Nilikuwa nimeshaona majiko kwenye simu, mwanangu, majiko ya watu wasiokula ugali. Meupe pe. Meza ndefu katikati, makabati yamepanda mpaka darini, taa zinaning'inia kama matunda. Humo ndani hakuna sufuria hata moja yenye masizi. Nikajiambia, mama ni mtu wa zamani, akikuta bonge la jiko la kisasa atalia kwa furaha. Mlango wa uani ulikuwa unakula ukuta ambao makabati yangu yangekaa vizuri sana.

Fundi Salumu alikuna kichwa. "Dogo, mama yako ana habari?"

"Tumeongea asubuhi kwa simu. Amekubali."

"Amekubali tuzibe mlango?"

"Fundi, wahenga walisema nyumba njema si mlango."

"Wahenga hao walikuwa wanasema habari nyingine," akasema, lakini akachukua mwiko wake, maana neno la mwenye nyumba ni neno, na mimi nilikuwa nimeliazima bila ruhusa. Tofali zilizobaki kwenye uzio zikaziba mlango. Kibaraza kikavunjwa. Katikati ikasimama meza ya zege, kimo cha kiuno changu, na mimi ni mrefu. Makabati nikayapandisha juu. Ukuta wote marumaru nyeupe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa sikuwa nao, nikaziba mlango.

Wakafika Jumamosi mchana, na nazi nusu gunia. Nikampa Bibi shikamoo, akaniitikia marahaba mume wangu, maana hayo ndiyo majina yetu tangu nizaliwe. Yeye ni mke wangu, mimi ni mume wake, na watani hawakosi neno. Nikawapeleka jikoni nimetanua mikono kama mtu anayefungua duka.

Mama aliangalia ukuta uliokuwa mlango. Akaangalia sakafu palipokuwa na kibaraza. Akaniangalia mimi. Hakusema kitu. Mwanangu, ukiwa na mama anayegomba, shukuru. Yule anayenyamaza mbele ya mgeni anakuwekea.

Bibi alipapasa marumaru. "Panang'aa," akasema. "Hili jiko au zahanati?"

"Ni jiko, mke wangu."

"Haya. Na dawa wanatoa dirisha gani?"

Tukacheka, nami nikadhani yameisha. Kesho yake ndiyo nikaanza kuona. Bibi alitaka kukuna nazi. Kule kwao mtu hakuni nazi amesimama. Anakaa juu ya mbuzi, miguu mbele, sinia chini. Kati ya meza yangu ya zege na makabati, mbuzi ilienea na Bibi hakuenea. Akaibeba mpaka barazani, mbele ya nyumba, akakunia hapo, na wapita njia wawili wakamuuliza kama tui linauzwa. Bakuli lilikuwa kabati la juu. Akaliangalia kutoka chini. "Mtaka cha mvunguni huinama," akasema, "nimezoea. Huyu mtaka cha darini afanyeje?" Akashika mlango wa kabati ili ajinyooshe, mkono una bizari, na vidole vitano vya manjano vikabaki kwenye weupe wangu. Nikavifuta kwa sabuni, nikavifuta kwa ndimu. Mpaka leo ukiinama kidogo unaviona.

Jioni akaja jirani yetu, Mama Neema, mtu wa bara, ambaye tangu tuhamie huwa anaingia kwa nyuma na sahani iliyofunikwa. Nyumba zetu zimeelewana hivyo. Wanaume na wageni rasmi hupita sebuleni, na wanawake hupita uani, wakiwa na vitenge vya kupikia na unga mikononi, bila mtu kuwakagua. Nikamsikia anapiga hodi nje ya ukuta. Hodi ya kwanza. Hodi ya pili. Kisha akaongea na tofali: "Jamani, mmehama?"

Nikamwambia kupitia dirishani azunguke mbele. Akazunguka, akakuta sebule imejaa wazee wa msikitini waliokuja kumjulia hali Bibi. Akajitazama kitenge chake chenye mafuta, akanikabidhi sahani mlangoni, akarudi kwake. Bibi alikuwa jikoni peke yake, amesimama katikati ya weupe ule, ameshika meza kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Siku ile alikula alicholetewa. Na iliyofuata pia.

Asubuhi ya siku ya nne nikamkuta anakunja kanga zake kitandani, moja moja, kingo kwa kingo.

"Safari ya wapi, mke wangu?"

"Nimewakumbuka kuku wangu."

Kuku aliwagawa wote siku ya kuaga. Mama alishanihadithia mpaka jogoo alichukuliwa na nani. Nikakaa chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikakosa mzaha. Ninao mwingi, waulize walimu, lakini ule wa asubuhi ile sikuupata.

Bibi akaniona, akaniwekea mkono kichwani. Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniuma. "Mume wangu umenijengea nyumba nzuri, Mungu akuzidishie. Ila umenisahaulia mlango. Mwanamke asiye na pa kumkaribishia mwenzie, huyo ni mgeni, hata akikaa miaka."

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anaanika nguo. Nikamwambia yote: kwamba nilimdanganya fundi, kwamba daftari nililicheka, kwamba Bibi anakunja kanga. Mama akabana nguo mbili bila kugeuka. "Niliyajua siku ya kwanza," akasema. "Nilikuwa nasubiri uje kwa miguu yako. Sasa nenda ukatafute dawa, usiniletee machozi."

Dawa niliipata kwa kuuliza, kitu ambacho kingenigharimu dakika moja tu tangu mwanzo. Nikamwomba Bibi anisamehe, kisha nikamwomba apike wali na mchicha wa nazi pale uani, chini, kama angekuwa kwake Kurui, mimi nimfuate. Akadhani ni utani mwingine. Nikachukua kopo la majivu. Alipokaa juu ya mbuzi nikamzungushia mstari. Miguu ilipoishia, mstari. Alipopepeta mchele aligeukia upande upepo unakotoka, nikaweka alama. Ndoo ya maji aliivuta bila kutazama, kwa mkono wa kushoto. Mwiko, chumvi, kawa ya kufunikia, vyote vilikuwa pale mkono unapofika na si hatua moja zaidi.

"Unaniagua?" akauliza.

"Nakupima, mke wangu."

"Sanda?"

"Jiko."

Akasogeza ndoo kidogo karibu. "Basi pima vizuri. Hapo nilikuwa nimejikunja kwa haya."

Wali ulipoiva nilikuwa na mchoro wa majivu, mviringo uliobonyea upande mmoja. Nikaupima kwa kamba, nikaenda jikoni, nikaitandaza kamba sakafuni. Halafu nikalifungua daftari la mama. Mwanangu, mlango ulikuwa pale pale Bibi alipogeukia upepo. Kibaraza kilikuwa pale pale alipokaa. Hata ndoo ya maji mama alikuwa ameichora, upande wa kushoto. Mama alilelewa ndani ya mviringo ule, hakuhitaji majivu.

Fundi Salumu alikuja anacheka tangu barabarani. "Injinia, leo tunaziba au tunazibua?"

"Leo mimi ndiye msaidizi."

"Mama amekubali au mmeongea kwa simu?"

"Yuko nyuma yako, fundi."

Akageuka, akamkuta mama kweli. Nikapewa tindo na nyundo, nikauvunja ule ukuta mwenyewe, tofali kwa tofali, kwa siku mbili, viganja vikatoa malengelenge. Meza ya zege nayo ikaondoka, na hiyo iliniliza kuliko tofali. Makabati yakashuka. Kibaraza kikarudi, mara hii kwa kipimo cha magoti ya Bibi, kwa sababu nilimketisha juu ya matofali mpaka akasema hapo. Rangi nikamwachia achague. Akataka ukuta wa upande wa moto uwe rangi ya udongo mwekundu kutoka chini mpaka kiunoni, juu yake krimu. "Nyeupe," akasema, "ni rangi ya mtu asiyetia bizari." Marumaru zimebaki kwenye sinki tu, zinang'aa huko zinapopata maji. Na nikuambie ukweli, ni jiko zuri kuliko la kwenye simu. Mwanga wa asubuhi ukiingia kwa ule mlango unaulamba ule wekundu, na moshi unatoka bila kuaga.

Sasa nasaha, mwanangu, ndiyo uliyoifuata, kama hukufuata uchekeshaji. Siku utakapotaka kupamba jiko, usianze na rangi. Anza na mtu. Keti umwangalie anapika tangu kuchambua mchele mpaka kupakua, na ujue maji anayavuta kwa mkono gani, moshi unatokea wapi, akichoka anakaa wapi, na shoga yake anaingilia wapi. Ukishayajua hayo, jiko limeshajichora, wewe unachagua rangi tu, na hata hiyo umuulize. Kuuliza si ujinga. Na ukipewa daftari la mama yako, lisome kama unavyosoma la mtihani. Na fundi usimdanganye, saruji haina msamaha, ikishakauka inakusema kila siku. Mungu akujalie nyumba yenye watu, na watu wenye njaa ya kukaa pamoja.

Jioni rangi ilipokauka, Bibi alikuwa ameketi kibarazani anachambua choroko, kanga zake ziko kabatini. Hodi ikapigwa uani. Mimi nikafungua mdomo kuitikia, Bibi akaniwahi.

"Karibu, mwanangu. Pita, pita ndani. Ukae hapa na mimi."

Mama Neema akaingia na sahani yake, wakabanana pale, wakaanza maneno yao. Mama alikuwa amesimama mlangoni anawatazama. Macho yake yalikuwa na maji. Akanishika bega, akasema taratibu, wasimsikie:

"Uongo wako sijausahau, tutauongea siku yake. Lakini leo nimemsikia mama yangu akikaribisha mtu nyumbani kwangu. Na mimi nitazeeka, baba. Siku hiyo, kabla hujamwita fundi, njoo uniulize napenda kukaa wapi. Mungu akufikishe."