Picha Iliyogeuka Nyeusi Mazishini

Karatasi za picha tuliziita bromaidi, kwa sababu zilipakwa bromini iliyoungana na madini ya fedha. Kitu hicho kikiona mwanga kinageuka cheusi. Ndiyo maana picha ikishatokea unaichovya kwenye dawa ya kukaza, bromaidi iliyobaki iondoke yote. Usipoikaza sawasawa, jua litaendelea na kazi ulipoachia. Hata mwanagenzi analijua hilo, sembuse mimi niliyekuwa na studio yangu mjini Machakos, bango na yote.

Mjane mmoja aliniletea kitambulisho cha mumewe. Picha nyingine ya mzee huyo haikuwepo, na kitambulisho chenyewe kilikuwa kinarudishwa kwa chifu. Alitaka uso ukuzwe na utiwe fremu, ubebwe mbele ya jeneza kama ilivyo desturi yetu. Dawa yangu ya kukaza ilikuwa imechoka, mpya bado haijafika kutoka Nairobi, na gari la maiti lilikuwa linanguruma nje ya mochari. Nilikipiga kitambulisho kwa kamera, nikachapa uso mkubwa kutoka kwenye negativu hiyo, nikaichovya picha kidogo tu, nikaitoa. Haraka haraka haina baraka, najua, msiniambie.

Niliandamana nao hadi Ndithini, maana walinikodi nipige picha za mazishi pia. Fremu iliegemezwa kwenye jeneza, jua la utosi linaichoma, na wahubiri wetu, jamani, hawajui neno fupi. Mahubiri ya pili yakiendelea nikaona paji la uso limeingia kijivu. Baadaye mashavu yakawa kahawia, halafu macho yakapotea.

Dada ya marehemu ndiye aliyepiga kelele. "Woi! Mwangalieni! Anakataa kutazamwa na huyu mwanamke!"

Kila mtu alijua mjane na mumewe walikuwa wamegombana kabla ya kifo. Minong'ono ikaanza, eti alimlisha kitu. Ndugu za mume wakasema asitupe udongo kaburini, arudi kwao Kithyoko, watoto wabaki.

Nikasimama mbele ya watu, kamera shingoni. "Wazee, kosa ni langu. Picha sikuikaza. Ni bromaidi tu, haijui mambo ya ndoa."

Mzee mmoja akaniuliza, "Mbona ile ya harusi yetu, uliyotupigia wewe, iko ukutani miaka yote na haijageuka?"

"Ile niliikaza vizuri."

"Una roho nzuri, kijana," akasema, akinipigapiga bega. "Keti."

Nikaketi! Mpaka leo hilo linaniuma kuliko picha yenyewe. Ningepiga kelele, ningeivunja hiyo fremu, lakini niliketi kama mgeni aliyekaribishwa chai. Mama wa watu akaondoka bila watoto wake.

Dawa mpya ilipofika nilichapa picha nyingine kutoka kwenye negativu ile. Niliikaza, nikaiosha, nikaianika juani kwanza nihakikishe. Nikampelekea Kithyoko.

Aliishika kwa mikono miwili. "Asante, kaka. Na asante kwa siku ile, ulivyojitwika uongo kwa ajili yangu."

"Mama, haukuwa uongo. Nilikosa mimi."

"Wacha tu. Alikuwa amenikasirikia, najua mwenyewe."

Nilimweleza tena yote, tangu dawa hadi jua. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, vile unavyomsikiliza mtu anayekupa pole. Kisha akaifunga picha ndani ya leso, akaiweka chini kabisa ya sanduku lake.

"Nitamweka gizani," akasema, "asije akanigeuka tena."