Komeo na Kanga ya Maneno Saba

Kitu cha kwanza kumtambulisha Kidawa ni kwamba husalimia komeo kabla ya kumsalimia mwenye mlango. Ukimfungulia geti lako pale mtaa wa Observatory, Johannesburg, ataweka kiganja juu ya chuma, atalisukuma komeo mbele na kulirudisha nyuma mara mbili, atatega sikio, kisha atasema, "Hili lina kiu, dada. Litilie tone la mafuta." Ndipo atakapokumbuka kukuuliza hujambo, tena kwa kicheko, kana kwamba komeo limemnong'oneza siri zako.

Sikio hilo alilirithi kwa marehemu baba yake, Mzee Mussa, aliyekuwa fundi wa cherehani Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, mjini Tanga. Alipofika Johannesburg mwaka 2009, Kidawa naye aliwatengenezea cherehani washonaji wa Yeoville, hadi siku mzee mmoja wa Kensington alipomletea cherehani ya mkewe. Mzee Lategan alikuwa na duka la vitu vya kale, na mtaa mzima ulimwita Oom, yaani mjomba kwa Kiafrikana. Alisimama akamtazama Kidawa akiifungua ile mashine mpaka ikabaki fremu tupu, na akiirudisha bila kubakiza hata skurubu moja mkononi.

"Mikono hii nina kazi nayo," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa bunduki.

"Bunduki!" Bi Fauzia, mama yake Kidawa, alimaka kwenye simu kutoka Tanga. "Mtoto wa fundi cherehani wewe! Umekwenda kutafuta maisha au umekwenda vitani?"

"Mama, hizi zimestaafu. Mitutu imezibwa, risasi hazina. Ni vikongwe. Mimi nawaogesha tu."

"Haya, waogeshe. Lakini usiwageuzie mgongo!"

Mwezi wa kumi mwaka 2014, Oom aliweka mezani vikongwe wawili waliomfanya Kidawa asahau hata kunywa chai. Zilikuwa bunduki za Kijerumani za muundo wa mwaka 1871, za risasi moja moja, aina waliyobeba askari wengi wa Mjerumani wakati Waingereza waliposhuka Tanga, Novemba 1914. Vita hivyo Kidawa alivijua tangu utotoni. Bibi yake alivisimulia kila palipokuwa na mzinga wa nyuki karibu, kwa sababu siku ile nyuki walitoka wakawavamia wanajeshi, na katika masimulizi ya bibi hapakuwa na jemadari mwingine ila nyuki.

Sasa vita vilikuwa vinatimiza miaka mia. Chama cha wakusanyaji wa silaha za kale kilikuwa kinaandaa maonyesho, na mkaguzi wake alikuwa na sharti moja: kila bunduki iwe na vipande vyake yenyewe, vyenye namba yake yenyewe.

"Zikipita zote mbili," Oom alimwambia, "chini ya kioo tutaweka kadi. Imetengenezwa na Kidawa Mussa wa Tanga."

Siku tatu nzima Kidawa alitembea na kadi hiyo kichwani. Akisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani, anaisoma. Akimenya viazi, anaisoma.

Sehemu iliyokuwa na kazi ni komeo, lile gogo la chuma lenye mkono ambalo mpigaji hulinyanyua, hulivuta na kulisukuma ili kufunga nyuma ya mtutu. Ndani yake mna springi ngumu iliyoizunguka sindano ndefu, ile inayogonga risasi. Kidawa alikuwa na namna yake ya kulifungua. Alitandika kanga mezani, yenye jina lisemalo CHANGU NI CHANGU HATA KIKIFANANA NA CHAKO. Maneno saba, na vipande saba. Skurubu ya kuzuia komeo na washa yake, vikihesabiwa kipande kimoja, alivilaza juu ya neno la kwanza. Kichwa cha komeo juu ya NI. Kisha alikandamiza ncha ya sindano juu ya kigogo cha mbao, akaibana springi kwa uzito wa mwili wake wote, akaizungusha nati ya nyuma taratibu hadi ikaachia; nayo ikalala juu ya CHANGU ya pili. Akaendelea hivyo, kipande kwa neno, mpaka springi ikafika kwenye CHAKO. Kila kimoja alikipiga mswaki kwa parafini, akakifuta, akakipaka utando mwembamba wa mafuta ya cherehani. Kulifunga tena komeo kulikuwa ni kuisoma kanga kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Na kwa kuwa kanga huja mbili kwa doti, komeo la pili lilikuwa na kanga yake, pacha wa ile ya kwanza, upande wa pili wa meza.

Jean-Paul, kijana wa Bujumbura aliyekuwa akitengeneza fremu za picha humo dukani, alimtania. "Dada Kidawa, siku utakayonunua kanga yenye maneno matano, hiyo bunduki itakosa kichwa!"

"Wewe gundisha mbao zako. Huku wanasoma waliosoma."

Hapo ndipo simu ilipolia.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Bi Fauzia, ikitetemeka kwa furaha, "pasipoti imetoka! Nakuja! Nakuja kuliona jina lako kwenye kioo!"

Mwanamke wa Tanga akipata habari kama hiyo hafikiri. Kidawa alipiga kigelegele kilichomfanya mbwa wa jirani abweke, akanyakua kanga iliyokuwa karibu, akanyakua na ya pili, moja akajifunga kiunoni, nyingine akaipepea hewani, akacheza.

Vyuma vikanyesha.

Nati iliviringika chini ya kabati. Springi iliruka mara tatu sakafuni kama panzi. Kidawa alisimama, kiuno bado kikimalizia hatua ya mwisho chenyewe.

"Mon Dieu," alisema Jean-Paul.

Walipiga magoti, wakaviokota vipande vyote kumi na vinne. "Usihofu," alisema Jean-Paul, "si vina namba? Hii hapa nati. Sita sita!"

"Tisa tisa hiyo," alisema Kidawa aliyepiga magoti mbele yake.

"Ninakuambia ni sita! Macho yangu yako mazima!"

"Na yangu je? Tisa!"

Wakatazamana. Bunduki ya kwanza namba yake iliishia na 66. Ya pili iliishia na 99. Jean-Paul aliigeuza nati polepole juu chini. "Eish," akanong'ona, kisha wote wawili wakaangua kicheko hadi wakaegemea kabati, kicheko cha watu ambao mkaguzi wao anakuja kesho saa nne.

Vipande vikubwa havikuwa na ubishi, kwani mkono wa komeo huonyesha wazi juu ni wapi. Taabu ilikuwa kwa vile vya mviringo. Kidawa alifumba macho, akamkumbuka baba yake. Vyuma vilivyozeeka pamoja, Mzee Mussa alikuwa akisema, ni kama mume na mke: huyu huchakaa pale mwenzake anapomwegemea. Akaipitisha sindano moja katika komeo la kwanza, ikakwaruza. Akaipitisha katika la pili. Ikateleza kama inarudi kitandani kwake. Akafunga nati moja. Ikagoma kabla ya kufika. Akaihamisha. Ikazunguka, ikazunguka, ikatua, na namba yake ikasimama wima juu kabisa: 99.

"Kaka," alisema Kidawa kwa sauti ndogo, "niletee chai. Harusi imefungwa."

Kesho yake mkaguzi aliweka kioo cha kukuzia jichoni, akainama juu ya bunduki ya kwanza, akakunja uso. "Hii ni ya sita sita. Lakini komeo lake naona tisa tisa."

Oom akageuka rangi. Kidawa alihisi kadi yake ikichanika vipande viwili. Kisha akatazama miguu ya mkaguzi.

"Samahani, baba," alisema kwa adabu zote, "mtutu umeusomea ukiwa upande ule. Komeo unalisomea ukiwa upande huu."

Mkaguzi akazunguka meza. Akasoma. Akarudi, akasoma tena. Bega lake likaanza kutikisika, na mwisho akacheka hadi kile kioo kikamdondoka jichoni. Zote mbili zikapita.

Maonyesho ni Jumanne. Kadi imechapwa, na Kidawa ameshauliza mara nne kama K yake imekaa sawa. Oom amemwomba afungue komeo moja mbele ya wageni, kwa namna yake hiyohiyo, ila ile doti imejaa parafini na nyayo za Jean-Paul. Jana usiku Bi Fauzia alipiga simu basi lilipokuwa limesimama Lusaka.

"Kanga mpya ninayo," alisema. "Doti nzima."

"Ina maneno mangapi, mama?"

"Saba. Nimehesabu mbele ya muuzaji."

"Yanasemaje?"

"Utayasoma mwenyewe, mbele za watu."

"Mama! Nitajie hata moja!"

Mama akacheka, na simu ikakatika. Tangu alfajiri Kidawa yupo dukani, analisukuma na kulirudisha komeo la mlango wa mbele. Halina kiu hata kidogo. Ameshalitia mafuta mara tatu, na bado ni Jumapili.