Baba Yetu Mbili Mbele ya Tanuru

Juzi mjukuu wangu, fundi wa mapambo pale Moshi mjini, alipanda kuja kwangu Machame. Aliponiamkia shikamoo akaenda kupekua dari ya nyumba ya zamani, akarudi na kopo la bati. Nililijua kabla hajalifungua. Lilikuwa la babu yangu, na ndani ulibaki unga wa kioo wa buluu, wa jozi mbili za hereni tu.

"Nifundishe, bibi," akasema. "Amebaki nani mwingine?"

Babu alitwanga chupa za buluu za dawa mpaka zikalainika kama unga wa ulezi, akaupaka unga juu ya shaba, akauyeyusha motoni. Chupa zile haziji tena. Mimi, mtoto wakati huo, nilikata majani ya ng'ombe, kisha nikavuta mivukuto ya kupulizia moto huku nikisali. Ndiyo, rafiki yangu, nikisali. Babu hakuwa na saa. Hereni ilikaa motoni kwa Baba Yetu mbili, kwa Kimachame, kwa mwendo wake. Siku moja nilisikia harufu ya mtori, supu ya ndizi, jikoni kwa bibi yangu, nikaharakisha. Hereni ikatoka na chengachenga kama sukari.

"Wewe ulikuwa unasali au unafukuzwa na nyuki?" babu akaniuliza. Akairudisha motoni, akasali mwenyewe, ikang'aa. Mtori niliula umepoa.

Basi mimi na mjukuu tukawasha tanuru la babu. Nikaanza kusali. Katikati Kimachame kikanikwama, maana miaka mingi sasa nasali kwa Kiswahili. Jozi ya kwanza ikaungua, nyeusi tii. Ya pili nikaogopa, nikakimbiza maneno, ikatoka na chengachenga zilezile. Mjukuu akaligonga kopo kiganjani. Halikudondosha kitu.

"Usilie, bibi," akasema, naye analia.

Mungu amenipa mengi, namshukuru. Lakini hili, mwendo wa sala ya babu, naliomba kama mtu anayezama. Jozi ile ya chengachenga imo ndani ya kitambaa, kwenye Biblia yangu, nayo itarudi motoni mara moja tu. Jumapili naenda kanisani kukaa kati ya wazee wenzangu, na ikifika Baba Yetu nafumba mdomo, nasikiliza. Wapo bado wawili watatu wanaoinong'ona kwa Kimachame. Mmoja anakimbia, mwingine anakatika pumzi. Jumapili iliyopita kiti cha wa tatu, mwenye mwendo kama wa babu, kilikuwa kitupu.