Herufi za Baba

Mimi sijui kungoja. Wiki hiyo yote nilizunguka tu nyumbani kwangu Tassia: nafungua kompyuta, nasoma mkataba, nafunga, natoka roshani kutazama nguo za majirani, narudi kwa kifungu kilekile.

Baba alikuwa mchongaji. Alichonga vibao vya maduka, vya kanisa, hata vya baa, pale Shauri Moyo, na A yake ilikuwa na mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Alipofariki nilipita mtaa mzima nikipiga picha vibao vyake, nikageuza herufi zake kuwa fonti ya kompyuta. Kampuni moja ya programu za simu ikaiona, ikataka kuinunua. Pesa zilikuwa nzuri, sitadanganya, na mimi nilikuwa nimechoka kukwepa keyateka wa ploti, yule anayekusanya kodi.

Lakini huo mkataba! Wao wangeipachika fonti ndani ya programu zao, sawa. Mtu mwingine yeyote asiitumie, asiipachike kwenye faili, asimpe mtu nakala. Hata aliyeitengeneza. Yaani mimi! Nikampigia wakili wao. Akanijibu kwa upole wa kuudhi, "Ndugu yangu, hiyo ndiyo maana ya kuuza haki zote. Tunangoja sahihi yako Ijumaa."

Alhamisi nikaenda kwa mama, Shauri Moyo. Nilitaka aseme tu, "Tia sahihi, mwanangu," nipate kulala. Nikamweleza yote nikitembea, mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni.

"Hebu keti, unanizungusha kichwa," akasema. "Kwa hivyo wananunua mwandiko wa babako."

"Ndiyo, mama."

"Na lile jiwe?"

Jiwe la kaburi. Tulikuwa tumepanga kuondoa ule msalaba wa mbao kule nyumbani Ukambani, tuweke jiwe. Fundi wa mawe alikuwa akingoja nimtumie fonti, mashine yake ichonge jina la baba kwa herufi zake mwenyewe. Nikitia sahihi, kumtumia fonti ni kosa, na yeye kuichongea ni kosa.

"Herufi ni nyingi, mama. Tutatafuta zingine."

"Ai! Mtu ameandikia mtaa mzima, mpaka walevi, halafu yeye aandikwe na mgeni?"

Nilikasirika. Nikamwambia hajui maisha ya siku hizi, kwamba kodi hailipwi na mawe. Maneno mabaya, na nikaendelea kuyasema. Mama alinimiminia chai, akakaa akitazama mikono yake, nami nikaona kwamba analia.

Basi. Nikatoa simu, nikamtumia fundi ile fonti hapohapo, kisha nikamwandikia wakili kwamba siuzi.

Fundi akapiga simu papo hapo. "Imefika, bosi. Sasa niambie, jina niandike vipi?"

Nikampa mama simu alitaje mwenyewe.